Maadili ya Kikristo na ya Kiislamu katika darasa moja: mwongozo kwa mwalimu wa sekondari wa kusini

Kengele ya kipindi cha dini ikigonga, shule yetu hugawanyika. Waislamu hubeba viti kwenda chini ya mwembe kwa ustadh, Wakatoliki hubaki darasa la mwisho na katekista, Waanglikana na Wapentekoste hugombea chumba cha maabara. Dakika arobaini baadaye wote wanarudi kwenye dawati lile lile na kuanza kuulizana: "Nyie mmefundishwa nini?" Majibu wanayopeana wenyewe kwa wenyewe ndiyo yaliyonifanya nimwombe mkuu wa shule kipindi cha pamoja.

Tuko kusini mwa Tanzania, kwenye barabara ya Masasi, kati ya Nyangao na Ndanda. Wabenediktini wako Ndanda tangu 1906, misikiti utaikuta kila kijiji, na nyumba nyingi zina dini mbili chini ya bati moja. Mimi ni Mkristo. Mjomba aliyenilipia ada ni Mwislamu, na kwa watu wa huku mjomba si ndugu wa mbali. Ninayoandika hapa nimeyajaribu darasani, mengine yakaniumbua kwanza.

Hatua ya 1: Jua umepewa darasa gani

Kuna vitu vitatu ambavyo mwalimu mgeni huvichanganya. Cha kwanza ni masomo ya mtihani: Elimu ya Dini ya Kiislamu, ambayo wanafunzi huiita EDK, na Maarifa ya Biblia. Hayo yana muhtasari wake, NECTA, yaani Baraza la Mitihani, wanayatungia mtihani, na anayeyafundisha awe ameyasomea. Cha pili ni kipindi cha dini kwenye ratiba, ambamo kila dhehebu linaleta mtu wake kuwafundisha waumini wake. Cha tatu ni maadili ya wote kwa pamoja: saa ya klabu, zamu yako ya kuzungumza paredi, au mada za maadili ndani ya Historia ya Tanzania na Maadili, somo lililokuja na mtaala wa 2023. Mwongozo huu unahusu hicho cha tatu.

Tofauti yake ni kubwa. Ustadh chini ya mwembe ana haki ya kusema "sisi tunaamini". Wewe mbele ya darasa la mchanganyiko huna haki hiyo, hata kama moyo unakutuma. Ibara ya 3 ya Katiba inasema Jamhuri yetu haina dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani, na mtoto wa kidato cha pili ni mtu. Kazi yako ni kueleza, kulinganisha na kuwafanya wafikiri. Kuhubiri kuna mahali pake, na mahali hapo wameshapagawana.

Hatua ya 2: Nenda kwa wenyewe kabla hujaingia darasani

Madirisha ya madarasa yetu hayana vioo, ujenzi uliishia kwenye nondo. Anayepita na ndoo kwenda kisimani anasikia somo zima. Basi nikajiwekea kipimo: kila sentensi ninayotaka kuisema kuhusu dini ya mtu, ustadh akipita dirishani akaisikia, ataendelea na safari yake au atasimama? Katekista je? Sentensi itakayomsimamisha mmoja wao haijaiva.

Ili ujue, lazima uwaulize. Andika sentensi zako tano au sita za muhula, nenda nazo. Msikitini nenda baada ya alasiri watu wakishatawanyika. Parokiani nenda siku ya kazi. Jumapili baada ya misa utapewa dakika tatu za mlangoni na nusu ya masikio. Mwite kila mmoja kama anavyoitwa na watu wake: shehe, ustadh, baba paroko, mchungaji, katekista. Usiende kuomba ruhusa, maana ruhusa ni ya mkuu wa shule, na ukiiomba kwa mmoja utalazimika kuiomba kwa kumi. Nenda ukasomewe makosa yako.

Sentensi zangu za mwanzo zilikuwa kama hizi: "Wakristo wanaamini Mungu mmoja katika nafsi tatu." "Waislamu wanaamini Isa ni nabii na ni Masihi, aliyezaliwa na Maryam akiwa bikira, na si mwana wa Mungu." "Nguzo za Uislamu ni tano: shahada, swala, zaka, funga ya Ramadhani na hija kwa mwenye uwezo." Ustadh alizisikiliza zote, akanirekebishia moja tu: kwenye nguzo za imani, ambazo ni sita, nilikuwa nimeisahau kadari, yaani yale aliyoyapanga Mungu. Kumwamini Mungu, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, siku ya mwisho, na kadari ya heri na ya shari. Ukizihesabu kwa vidole unahitaji mkono wa pili, ndiyo maana ya mwisho hudondoka.

Jambo moja zaidi la kuuliza huko: wao kwa wao wanatofautiana wapi? Wakristo wa wilaya yetu si kitu kimoja. Kuna Waanglikana ambao misheni yao ya Masasi ilianza 1876, askofu Steere alipowaleta kutoka Unguja watu waliokombolewa utumwani. Kuna Wakatoliki, kuna Walokole, kuna Wasabato wenye Jumamosi yao. Waislamu nao: kuna watu wa tarika, yaani njia za Kisufi, na zikri zao za kumtaja Mungu kwa pamoja, na kuna wasiotaka hata kuisikia zikri hiyo. Ubishi mkali kuliko wote niliowahi kuusimamia haukuwa wa Mkristo na Mwislamu. Ulikuwa wa vijana wawili wa Kiislamu, dawati moja, juu ya maulidi. Tangu hapo huandika ubaoni "Wakristo wengi", "baadhi ya Waislamu", na neno "wote" nalitumia kwa woga.

Hatua ya 3: Fungua daftari la maneno

Hapa ndipo walimu wengi wa Kiswahili tunapoanguka, kwa sababu lugha yetu imetupa neno moja kwa vitu viwili, na kila upande unadhani neno ni lake.

Mwaka wangu wa kwanza niliandika ubaoni: "Zaka ni sehemu ya kumi ya mapato anayotoa mwumini." Mimi nilikuwa sina wasiwasi. Malaki 3:10 ya Kiswahili inasema leteni zaka kamili ghalani, na msimu wa korosho mahubiri hayaikosi aya hiyo, nadhani kwa sababu ya hilo neno ghalani. Kipindi kikaisha. Binti mmoja wa kidato cha pili, mpole, wa dawati la mbele, akangoja wenzake watoke.

"Samahani mwalimu. Ile siyo zaka yetu."

"Yenu ikoje?"

"Ya fedha ni mbili na nusu kwa mia. Na mpaka mali ifike nisabu, kile kiwango chake, na ikae mwaka."

Nilipompelekea ustadh habari hiyo alicheka, kisha akaniongezea kwamba kwa mazao yanayostahiki kutolewa zaka, yaliyomwagiliwa na mvua, hesabu ni moja ya kumi kweli. Kwa hiyo nilikuwa nimepatia kwa bahati na kukosea kwa ujinga ndani ya sentensi moja. Daftari la maneno lilianza jioni hiyo.

Ligawe kila ukurasa kwa mstari wa katikati. Juu andika neno, kushoto maana yake kwa Wakristo, kulia kwa Waislamu, na kila upande uandikwe na mwanafunzi wa upande huo. Maneno ya kuanza nayo:

Mtume. Kwa Mkristo mitume ni wale kumi na wawili waliotumwa na Yesu, pamoja na Paulo. Kwa Mwislamu mtume ametumwa na Mwenyezi Mungu kwa ujumbe: Musa ni mtume, Isa ni mtume, na wa mwisho wao ni Muhammad. Mtoto wa Kiislamu akisikia "Mtume Petro" anajiuliza Petro alipewa ufunuo gani. Si ubishi, ni msamiati.

Injili. Mkristo akilitamka anafikiria habari njema, na vile vitabu vinne vya Mathayo, Marko, Luka na Yohana. Mwislamu anafikiria kitabu ambacho Mungu alimteremshia Isa. Msipoliandika hili mapema, mtabishana kipindi kizima kuhusu vitabu viwili vyenye jina moja.

Roho Mtakatifu. Kwa Wakristo ni nafsi ya tatu ya Mungu. Kwenye Qurani kuna Ruhul-Qudus, na wafasiri wengi wanasema ni malaika Jibril.

Sala na swala, funga, toba, kafara, shahada: hayo wape kazi ya nyumbani, wakawaulize wakubwa wao. Watarudi na mambo ambayo hukuyategemea. Kijana mmoja alirudi na maelezo ya shahada ya chuo kikuu, na sikuweza kumnyima alama.

Hatua ya 4: Anza na ndoo, aya itafuata

Ukifungua kipindi kwa aya, nusu ya darasa inajiona imealikwa kwenye karamu ya wengine. Anza na jambo ambalo wote wanalijua kwa mikono. Huku kwetu, kuanzia Oktoba, jambo hilo ni korosho.

Usiku wa kuamkia somo chukua ndoo ya lita ishirini. Loweka korosho za kujaza nusu, asubuhi zichuje na uzitie chini. Juu yake jaza kavu kabisa. Ingia nayo darasani usiseme kitu.

Mwaka jana nilimwita kijana mmoja mrefu, nikamwambia: wewe ni karani wa chama cha msingi cha ushirika, nimekuletea mzigo, pokea. Akachukua za juu, akazigonganisha kiganjani zikalia, akatangaza: "Kavu. Daraja la kwanza." Nikamwambia azamishe mkono. Akauzamisha mpaka kiwiko, akanyamaza. Alipoutoa maji yalikuwa yanachuruzika hadi kwenye saa yake, na punje mbili zimemng'ang'ania kidoleni. Darasa likaangua kicheko. Kwa kicheko kile nikajua hakuna mtu humo ndani aliyehitaji kuelezwa maana ya ile ndoo.

Sasa maswali, na bado hujataja dini. Nani ameibiwa hapa? Watakwambia mnunuzi. Wasukume. Ghalani mzigo wa huyu unachanganywa na wa jirani zake, na unyevu ukionekana bei inashuka kwa wote. Kwa hiyo ameibiwa pia mjane wa nyumba ya tatu aliyeanika zake siku nne na kuzianua kila wingu likipita. Je, karani aliyejua akanyamaza kwa kuwa mwenye mzigo ni shemeji yake? Je, mtoto aliyetumwa na baba kumwagia maji? Hilo la mwisho huwagusa sana, wape muda.

Tahadhari: usiulize hata siku moja "nani kwao wanafanya hivi?" Utawafanya wawauze wazazi wao mbele ya wenzao, na jioni habari itakuwa kijijini. Sema "mtu mmoja". Wanaomjua watamjua.

Ndipo usimulie visa viwili, kimoja baada ya kingine, kwa sauti ile ile.

Cha kwanza kimo katika hadithi sahihi iliyopokewa na Muslim. Mtume Muhammad alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Akamuuliza mwenye mali ni nini hiki. Akajibu, mvua imeinyeshea. Akamwambia: kwa nini hukuiweka juu watu wakaiona? Kisha akasema kwamba anayeghushi si katika watu wake. Darasa litatazama ndoo. Huhitaji kuongeza neno.

Cha pili ni Zakayo, Luka 19. Mkubwa wa watoza ushuru, tajiri, mfupi, akapanda mkuyu ili amwone Yesu. Yesu akaingia nyumbani kwake, na Zakayo akasimama akasema nusu ya mali yake anawapa maskini, na kama amemdhulumu mtu anamrudishia mara nne.

Waulize visa hivi vinafanana wapi na vinaachana wapi. Wepesi watasema vyote vinakataza wizi, na wengi wataishia hapo. Ukisubiri, mmoja ataona kwamba kile cha kwanza kinahusu kuficha, na dawa yake ni kuweka wazi kabla ya kuuza. Cha pili kinahusu mtu ambaye ameshauza na ameshakula, na dawa yake ni kurudisha. Ukipata hilo, kipindi kimelipa. Malizia kwa kuandika ubaoni marejeo ya kwenda kusoma: Surat al-Mutaffifin, aya ya 1 hadi ya 3, inayowalaani wanaopokea kipimo kamili na kutoa pungufu, na Mithali 11:1, kuhusu mizani ya hadaa.

Wiki inayofuata endelea na kangomba. Msomaji wa mbali huenda alilisikia neno hili Novemba 2018, serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kila redio ikawa inalitaja. Huku tunalo miaka yote. Ni ule ununuzi wa mlangoni, nje ya chama, kwa bei ya chini, mara nyingi mkulima akiwa ameshachukua fedha wakati mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua. Swali langu ni hili: mtoto anaumwa Agosti, hospitali wanataka hela, mzee anauza korosho ambazo bado hazijaanguka. Nani ana kosa? Hapa watalumbana kuliko kwenye ndoo, kwa sababu hapa mwenye kosa ana sura ya huruma. Upande mmoja kuna al-Baqara 2:275 inayohalalisha biashara na kuharamisha riba, na 2:280 inayotaka mdaiwa mwenye dhiki asubiriwe. Upande mwingine kuna Kutoka 22:25-27: ukimkopesha maskini usimfanyie kama mdai, na ukichukua vazi lake rehani, lirudishe kabla jua halijachwa, kwa maana ndilo analojifunika. Nilishangaa jinsi wasichana wa bweni walivyolishika hilo la vazi. Mmoja aliuliza, "Kwa hiyo hata mwenye haki ya deni hana haki ya kila kitu?" Niliandika swali lake ubaoni, sikulijibu.

Hatua ya 5: Pale dini zinapoachana, sema zinaachana

Kuna walimu wanaodhani amani ya darasa ni kusema "dini zote ni sawa". Wanafunzi hawakubali, na wako sahihi. Wakristo wanaamini Yesu alisulubiwa, akafa, akafufuka siku ya tatu, na bila hilo Ukristo hausimami. Qurani, an-Nisaa 4:157, inasema hawakumuua wala hawakumsulubu. Huwezi kuzipatanisha sentensi hizo mbili, na hukuajiriwa kuzipatanisha. Ziandike zote, kila moja ikianza na "Wakristo wanaamini" au "Waislamu wanaamini", kisha endelea.

Kazi ngumu ni mihadhara, ile mijadala ya hadharani ya kushindanisha dini. Watoto wetu wamekulia kwenye vipaza sauti vya uwanjani, na sasa vipaza sauti vimehamia kwenye simu. Wanakuja na maswali yaliyochongwa kama mikuki: "Nionyeshe wapi kwenye Biblia Yesu amesema mimi ni Mungu niabuduni." "Nionyeshe kwa nini…" na kadhalika, kutoka pande zote mbili. Usiyazuie, yatahamia bwenini. Weka sanduku la maswali, boksi la chaki lenye tundu linatosha. Swali la mkuki lirudishe likiwa limegeuzwa: "Je, Wakristo wanasoma aya zipi wanapoamini kwamba Yesu ni Mungu?" Hilo lina jibu, na jibu lake litatolewa na katekista siku utakayomwalika, Waislamu wakisikiliza. Wiki nyingine ustadh ataelezea tauhidi, yaani umoja wa Mungu, Wakristo wakisikiliza. Anayesikiliza anaruhusiwa swali la aina moja tu: "Una maana gani unaposema…?" Mara ya kwanza watanuna. Mara ya tatu wanalizoea, na wengine hulitumia hadi kwenye hisabati.

Wataulizana pia dini ipi ilitangulia kusini. Jibu kwa tarehe: Ibn Battuta alifika Kilwa 1331 akakuta mji wa Waislamu, misheni ya Masasi ni ya 1876. Kisha wakumbushe kwamba bibi zao walikuwa na matambiko yao kabla ya yote hayo, na kwamba yupo mwanafunzi humo ndani ambaye kwao bado wanayafanya.

Hatua ya 6: Madogo yanayoharibu

Kufungua kipindi: salamu za wanasiasa, Asalaam aleykum kisha Tumsifu Yesu Kristo kisha Bwana asifiwe, zinakula dakika na kila mtu anahesabu ni ipi imetangulia. Mimi husema "hamjambo".

Usitoe nakala za karatasi zenye aya za Qurani. Nilizitoa mara moja. Kesho yake nikaiona moja sokoni imefungiwa karanga. Nilinunua zile karanga zote. Andika tafsiri ubaoni wanakili kwenye daftari. Msahafu ukiletwa darasani ashike mwenye udhu, ukae juu, usiwekwe chini wala usiwekewe kitu juu yake; Biblia ipe heshima ile ile hata kama Wakristo wenyewe wamezoea kuikalia kwenye mkeka.

Usimsimamishe mtoto mmoja kuwa msemaji wa dini yake. "Wewe Mwanahamisi, tuambie Waislamu mnasemaje kuhusu…" Hajui, na sasa ameaibika mara mbili.

Funga: Machi 2025 Ramadhani na Kwaresima vilianza siku chache tu kupishana. Mwaka kama huo soma al-Baqara 2:183 na Mathayo 6:16-18 pamoja, na uhamishe somo lolote lenye kuonja kitu.

Hatua ya 7: Jando, unyago na mapenzi

Watoto wa huku hawaji kwako bila maadili. Wengi wamepita jandoni au unyagoni, wamefundishwa heshima, usiri na mambo ya mwili na watu wazima waliojua kazi yao, na baadhi ya mambo hayo hayakubaliani na dini yoyote kati ya hizi mbili. Usiwaulize walichofundishwa, wameapa. Unaweza kuwaambia kwamba suala hili liliwasumbua viongozi wa dini kabla yako: askofu Vincent Lucas wa Masasi alijaribu kulifanyia jando utaratibu wa Kikristo karibu karne moja iliyopita badala ya kulipiga marufuku, wakati kwa Waislamu tohara ilikwisha kuwa ni sunna. Kwenye mapenzi, mimba na simu, mpe nafasi mwalimu wa kike azungumze na wasichana, wewe kaa na wavulana kama ni mwanamume, na maswali yapite sandukuni. Zinaa inakatazwa na dini zote mbili, hilo wanalijua. Wasilolijua ni namna ya kumjibu mwenye bodaboda anayetoa lifti kila asubuhi bure. Fundisheni hilo.

Hatua ya 8: Pima uelewa, ucha Mungu mwachie Mungu

Swali langu la muhula: eleza ushauri ambao Mwislamu anayeijua dini yake angempa mzee wa kangomba, kisha ushauri wa Mkristo anayeijua yake, kisha toa maoni yako na sababu. Alama tatu, tatu na nne. Maoni hayasahihishwi kwa kuwa nimeyapenda, yanasahihishwa kwa sababu zake. Nimegundua kitu nikisahihisha: dini ya mwenzake mwanafunzi huiandika kwa uangalifu, na marejeo juu, kwa kuogopa kukosea. Ya kwake huiandika hovyo, kama mtu anayeeleza njia ya nyumbani.

Hatua ya 9: Wakigombana

Oktoba 2012 kule Mbagala, Dar es Salaam, ubishi wa watoto wawili juu ya msahafu uliishia na makanisa kuchomwa. Likumbuke hilo unapoambiwa "ni utani tu wa watoto". Huku tuna utani wa Wamakua, Wamakonde na Wayao, na ni mzuri, lakini mpaka wake ni vitabu na manabii. Wakigusa hapo simamisha somo siku hiyo hiyo, waite wahusika wawili bila hadhira, mweleze mkuu wa shule kabla ya kutoka kazini, na mzazi aisikie habari kutoka kwako kabla hajaisikia kwa mwenye bodaboda. Mzazi akija na hasira, mpe daftari la maneno asome. Mmoja alilisoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti, kisha akaomba kalamu.

Daftari hilo libaki shuleni. Letu limefika kurasa kumi na nane. Wa zaka ameuandika yule binti kwa mkono wake, na katekista ameongeza mstari mmoja upande wa kushoto kuhusu Malaki. Ukihamishwa kituo, mkabidhi mwalimu wa taaluma mbele ya shahidi, maana daftari zuri shuleni kwetu hupotea kama chaki za rangi.